Kinasa Sauti ni Chombo cha Kupimia

Habari za asubuhi, ndugu zangu, na asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie vinasa sauti vya kidijitali katika utafiti. Naanza na kosa linalowaponza wengi: kukichukulia kinasa kama sikio la akiba. Kinasa ni chombo cha kupimia, kama mizani, na unachokiamua kabla ya kubonyeza kitufe hakirekebishiki ukisharudi na faili.

Sauti ni mtetemo usiokatika. Kinasa hakiuchukui wote. Kinaupima mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. CD ya muziki hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kwa biti 16, yaani viwango 65,536. Kanuni inataka vipimo vizidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuunasa. Sikio letu huishia karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwa muziki hesabu hiyo inatosha.

Sasa mlete popo. Tuseme analia kwa mitetemo 30,000. Kama kinasa hakina kichujio cha kuzuia sauti za juu mno, mlio huo haupotei, bali unajitokeza kwenye faili kama mitetemo 14,100, yaani 44,100 ukitoa 30,000. Mnaiona hatari yake? Umepata sauti ambayo hakuna mnyama aliyeitoa, na kwenye kompyuta inaonekana safi kabisa. Ndiyo maana watafiti wa popo hutumia vinasa vinavyopima hata mara 384,000 kwa sekunde.

Hapo kadi ya kumbukumbu hujaa upesi. Kwa biti 16, hizo ni baiti 768,000 kila sekunde, zaidi ya gigabaiti 2.7 kwa saa. Mtu hushawishika kubana faili kwa MP3. Nawasihi, msifanye hivyo! MP3 ilibuniwa kutupa kile ambacho sikio la binadamu halitakikosa, na huenda hicho ndicho ulichokifuata porini. FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, hubana bila kupoteza kitu, tumieni hiyo.

Kuna na sauti za chini mno, yaani zenye mitetemo michache kwa sekunde kiasi kwamba sikio letu halizinasi. Mwaka 1984, Katy Payne, mtafiti wa sauti za wanyama, alikuwa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi mtetemo hewani asioweza kuusikia. Yeye na wenzake wakarekodi kwa utepe, kisha wakauchezesha kwa kasi zaidi, na ngurumo za tembo zikapanda hadi zikasikika. Kila nikiikumbuka habari hiyo husisimka, kwa sababu tembo walikuwa wakizungumza mbele ya watu miaka yote hiyo. Siku hizi kompyuta huchora sauti kama picha, nasi tunaiona kabla hatujaisikia.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni saa. Ukitega vinasa vinne msituni, tofauti ya wakati mlio unapovifikia hukuonyesha mnyama alipo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Saa ya kinasa ikikosea kwa sehemu 20 tu katika milioni moja, kwa siku itapotea sekunde 1.7, na hizo ni karibu mita 590. Utamtafuta ndege kwenye bonde ambalo hakuwahi kutua. Chagueni vinasa vinavyosahihisha saa yao kwa GPS, au vipigieni vyote mlio mmoja mwanzoni na mwishoni mwa kazi, mpate cha kulinganishia.

Na kabla hamjaondoka mahali mlipotega, semeni mbele ya maikrofoni: tarehe, saa, mahali, namba ya kinasa, kiwango cha vipimo. Karatasi hupotea. Maneno hayo yatabaki ndani ya faili lenyewe, na mtafiti atakayelifungua miaka mingi baadaye atajua anapima nini.

Sasa nakaribisha maswali.