Visiwa Vitatu kwa Dola Milioni 25

Asalaam aleikum, habari zenu huko nyumbani. Wazee wote mnaonitazama, shikamooni. Mama yangu pale Tanga, shikamoo mama, koti zito nimevaa kama ulivyoniagiza. Leo ni tarehe 31 Machi, nipo Copenhagen, bandarini kabisa, mahali wanapaita Toldboden. Upepo ni mkali, mtanivumilia sauti ikipotea.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaliona jengo lile refu linalotazama maji? Linaitwa Vestindisk Pakhus. Ni ghala. Humo ndimo ilimokuwa ikiwekwa sukari na ramu kutoka visiwa vitatu vya Karibiani: St. Thomas, St. John na St. Croix. Vilikuwa koloni la Denmark. Sukari ile ililimwa na Waafrika waliobebwa kwa meli kutoka pwani ya Ghana ya leo, ambako Wadenmark walikuwa na ngome zao. Sisi tuliokulia Tanzania, Denmark tunaijua kwa Danida, shirika lao la misaada, kwa visima na miradi ya maji. Habari ya sukari mimi sikuwahi kuisikia shuleni, hata siku moja.

Sasa, kwa nini leo? Tarehe kama ya leo mwaka 1917, mjini Charlotte Amalie kule St. Thomas, askari wa Denmark na wanamaji wa Marekani walisimama wakitazamana mbele ya kambi iliyo karibu na bandari. Bendera nyekundu yenye msalaba mweupe ikashushwa, ya Marekani ikapanda. Marekani ilikuwa imelipa dola milioni 25 za dhahabu. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imepamba moto na Wamarekani waliogopa Mjerumani asije akaitia mkononi bandari ile, karibu na mfereji wao mpya wa Panama. Kule visiwani siku hii wanaiadhimisha hadi leo, ni sikukuu, Siku ya Makabidhiano.

Jamani, nisikilizeni hapa vizuri. Kabla ya kuuza, Denmark iliitisha kura ya maoni, Desemba 1916. Waliokubali walikuwa zaidi ya 283,000, waliokataa zaidi ya 158,000. Wote hao walipiga kura huku huku Denmark. Watu wa visiwani, wenye kuuzwa pamoja na ardhi yao, hawakuwemo. Wao walifanya kura yao isiyo rasmi, wakasema twende kwa Mmarekani, maana walikuwa wamechoka. Lakini hakuna aliyelazimika kuwasikiliza. Na walipofika huko kwa Mmarekani wakatawaliwa na jeshi la majini mpaka 1931. Uraia wenyewe wengi waliupata mwaka 1927, miaka kumi baada ya bendera kupanda. Mpaka leo, mtu anayeishi St. Croix hapigi kura ya kumchagua rais wa Marekani.

Mimi hili linaniuma. Siwezi kulisema kwa upole.

Nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna mzee mmoja anayekusanya stempu. Juzi nilipokuwa namsaidia kunywa chai akanifungulia albamu yake. Stempu ndogo, haifiki hata ukucha wa kidole gumba mara mbili, imechapwa bandari ya St. Thomas, maji yametulia, meli katikati, na juu maneno ya Kidenmark: Dansk Vestindien. Akaipitisha kidole taratibu, akasema, "Ilikuwa yetu hii." Alisema kwa huzuni kabisa, kama mtu anayekumbuka shamba la babu yake. Ni mzee mwema, ananiita binti yangu. Nikamuuliza, na watu wake je, walikuwa wa nani? Akanyamaza. Kisha akaniomba nikae, nimsimulie ninachokijua.

Nikamsimulia habari za Mary Thomas, yule wanayemwita Malkia Mary. Utumwa ulifutwa visiwani mwaka 1848, lakini wafanyakazi wa mashamba waliendelea kufungwa kwa mikataba ya mwaka mzima. Siku ya kubadili mwajiri ilikuwa moja tu, tarehe 1 Oktoba. Mwaka 1878, siku hiyo, watu wa St. Croix waliwasha moto. Mashamba yaliungua na sehemu kubwa ya mji wa Frederiksted ikateketea. Mary alikuwa miongoni mwa viongozi. Wakamleta kufungwa huku, gereza la wanawake Christianshavn, ng'ambo tu ya maji haya hapa.

Mwaka 2018, mbele ya ghala hili, wasanii wawili wanawake, Jeannette Ehlers wa hapa Denmark na La Vaughn Belle wa St. Croix, walimwekea sanamu. Amekaa kitini, mkono mmoja mwenge, mkono mwingine panga la kukatia miwa. Dhoruba iliiharibu baadaye, ikaondolewa. Lakini mimi niliwahi kuiona. Chini yake walikuwa wameweka mawe ya matumbawe yaliyotoka kwenye misingi ya majengo ya St. Croix, mawe ambayo watumwa waliyakata baharini. Nikaweka kiganja. Mama, ni mawe yale yale ya kuta za nyumba za zamani za kwetu pwani, yana vitundu vile vile, yanakwaruza vile vile.

Na sisi tusidhani haya ni ya watu wengine. Mwaka 1890 Mjerumani alimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4, pwani yetu ikawa yake, na Tanga yangu ikiwemo. Nani aliulizwa pale Tanga? Mwaka 1916 Mwingereza akaingia, bendera ikabadilika tena.

Kwa hiyo mama, nina ombi. Ukipita Chumbageni, mwingilie babu, mpe salamu zangu, halafu muulize: Mjerumani alipoondoka Tanga, mama yake alikuwa wapi, na aliwaambia nini walipokuwa wadogo? Mrekodi kwa simu. Hata jogoo wakiwika nyuma, wewe rekodi tu, unitumie.