Njoni Mfungue Kinywa

Bwana Yesu asifiwe. Leo tukae Yohana 21, ila tusikimbilie ule mstari wa "wanipenda?" ambao tumeuhubiri mpaka umechakaa. Tubaki ufukweni kwanza.

Yesu amekwisha kufufuka, na wanafunzi wake saba wamekesha Ziwa Galilaya, hawajapata hata dagaa. Alfajiri mtu anawaita kutoka nchi kavu: "Wanangu, mna kitoweo?" Nawashukuru waliotafsiri Biblia yetu kwa neno hilo. Hawaulizi imani yao imefikia wapi, anauliza habari za sahani. Wakajibu, "La." Wavuvi wazima, jibu neno moja!

Yaliyofuata mnayajua: wavu upande wa kuume, samaki 153, Petro kusikia ni Yesu, kajifunga vazi lake na kujitupa majini. Nchi kavu ilikuwa dhiraa mia mbili tu, kama mita 90, lakini mashua aliiona inachelewa.

Sasa angalieni alichokikuta. Moto wa makaa. Neno la Kigiriki lililotumika hapo limo mara 2 tu katika Agano Jipya lote, na zote ni humu kwa Yohana. Mara ya kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro anaota moto na kukana kuwa mwanafunzi wa Yesu: "Si mimi." Akina mama mnaopikia mkaa mnaijua harufu ile inavyoganda kwenye kanga. Petro amelowa chapachapa, anahema, na moshi ni ule ule.

Wala hasemwi. Samaki yuko motoni tayari, na mkate upo. Halafu Yesu anaagiza: leteni na hao "mliowavua sasa hivi." Hapo mimi hucheka. Aliyewaonyesha pa kutupa wavu ni yeye, lakini anasema wao ndio waliowavua!

"Njoni mfungue kinywa." Kinywa kilichokana mara 3 kinapewa mkate kabla ya kuulizwa lolote. Makanisani tumegeuza: mtu akianguka, kwanza kikao cha wazee, kisha benchi la nyuma, chakula tutaona baadaye. Sisemi nidhamu ifutwe. Petro aliulizwa "wanipenda?", tena mara 3, mpaka akahuzunika. Ila mstari wa 15 unaanza hivi: "Basi walipokwisha kula."

Mama pale mbele, tusomee kuanzia hapo.