Mfuko Mmoja kwa Kazi Moja: Kuhifadhi Vifaa vya Ushonaji Nyumbani

Mhadhara kwa mafundi wanaoshonea nyumbani, Dodoma

Bibi mwenyekiti, mafundi wenzangu, na nyinyi wanagenzi mliokaa nyuma karibu na mlango,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga na kuhifadhi vifaa vya ushonaji nyumbani, na wengi wenu mnajua nitakachosema kwa sababu mmekwisha kunisikia nikikisema. Nitakisema tena, kwa kuwa bado ninaingia katika nyumba za mafundi na kukuta salfeti moja nyuma ya mlango, na ndani yake kitambaa cha mteja, mabaki ya mwaka juzi, lastiki, gamu ya kukazia kola, na sare ya shule ya mtoto inayosubiri kifungo. Sitaeleza cherehani inatiwaje uzi. Nazungumza na watu wanaokula kwa kazi hii.

Jambo langu ni hili: kazi ya mteja ihifadhiwe kwa mteja wake, isihifadhiwe kwa rangi wala kwa aina ya kitambaa. Mali yako mwenyewe, yaani uzi, zipu, vifungo, bitana na gamu, ndiyo uipange kwa aina. Na hivi viwili visikutane katika chombo kimoja hata kwa usiku mmoja. Mkulima wa Chamwino hachanganyi mbegu na mtama wa kula katika kihenge kimoja, ingawa vyote ni mtama, kwa sababu anajua kwamba njaa ikibisha hodi hatajizuia.

Najua mnatazama picha kwenye simu: rafu nyeupe za ukuta mzima, vitambaa vimekunjwa kwa upana mmoja, vikianzia njano na kuishia zambarau. Ni picha nzuri na mimi huzitazama. Lakini anayepanga hivyo, mara nyingi, ni mtu anayeshona mifarishi ya viraka kwa kujifurahisha, vitambaa vyote ni vyake, na akiamka asubuhi anachotafuta ni rangi. Wewe ukiamka unatafuta gauni la mama atakayekuja saa kumi alasiri kulichukua, na mama huyo hatakuuliza rangi.

Habari nitakayoisimulia sasa nimeisimulia Kondoa, nimeisimulia Mpwapwa, na aliyekwisha kuisikia anivumilie. Fundi mmoja wa mjini hapa, ambaye mkono wake ni mzuri kuliko wa wengi tuliomo humu ndani, mimi nikiwemo, alipokea sare za kamati ya harusi. Walikuwa wanawake tisa, kitenge kimoja, chapa moja, jora moja. Kila mmoja alileta yadi 6, isipokuwa shangazi wa bibi harusi, ambaye alileta yadi 8 kwa kuwa alitaka kilemba kikubwa na kigauni cha mjukuu wake. Fundi yule ni msafi. Alivikunja vyote sawasawa, akavipanga kimoja juu ya kingine kwenye rafu pamoja na vitenge vyake vingine vya buluu, kwa sababu sare ile ilikuwa ya buluu na yeye alikwisha kuziona zile picha. Ungeingia chumbani kwake ungempongeza.

Siku ya kukata akavuta kitambaa cha juu. Kilikuwa cha nani? Kitenge hakina sura ya mwenyewe. Akakata gauni la kwanza, la pili, la tatu, akaendelea, na mabaki ya kila gauni akayakata kata marinda na mikanda, yaliyosalia akayatupia katika kikapu kimoja, yote yakiwa buluu. Zamu ya shangazi ilipofika, kitambaa alichobaki nacho mkononi kilikuwa na yadi 6.

Shangazi hakukubali, na haki alikuwa nayo. Fundi akaenda Soko la Majengo kutafuta yadi 2 za kuziba pengo, akakuta jora limekwisha. Kulikuwa na jora jingine la chapa ile ile, lakini lilitoka katika mzigo mwingine na buluu yake ilikuwa imekoza zaidi. Kila anayenunua vitenge anajua kwamba mizigo miwili ya chapa moja haitoki rangi sawasawa, na mtu akivaa gauni la mzigo huu na kilemba cha mzigo ule, tofauti inaonekana tangu mlangoni mwa ukumbi. Maneno yakafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Kitambaa hakikuibwa na mtu. Kilikuwa mle mle chumbani, kimekatwa vipande ndani ya kikapu, na hakuna awezaye kufunga kilemba cha vipande vya upana wa kiganja. Fundi akarudisha bei ya kitambaa na ushonaji akausamehe, lakini neno la wizi lilikwisha kutoka mdomoni mwa mteja, na kulikuwa na wanawake wanane wengine waliolisikia.

Hapa daima hutokea mtu wa kuniambia kwamba tatizo ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, msemo huo tunaujua, umebandikwa katika maduka mengi ya mtaani. Nakubali, aandike. Lakini daftari lingesema "shangazi, yadi 8", na lisingemwonyesha ni kitambaa kipi kati ya tisa vinavyofanana. Mwingine husema angepima kabla ya kukata. Ndiyo, angepima vitambaa vyote tisa kila anapotaka kukata kimoja, kisha avikunje upya, na umeme uwe unakatika, na mtoto awe analia. Tusiwape watu ushauri ambao sisi wenyewe hatutaufuata siku ya Ijumaa jioni.

Dawa yake ni mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba ina rundo la ile mifuko mbadala yenye mikono, na hiyo inatosha. Mteja anapokabidhi kitambaa, kipimwe mbele yake kabla hajatoka mlangoni, kiingie katika mfuko wake peke yake. Kata kipande cha boksi cha ukubwa wa karata, kitoboe, kifunge kwenye mkono wa mfuko kwa uzi. Andika jina, namba ya simu, yadi alizoleta, vipimo vyake, alichotanguliza na tarehe ya kuchukua. Chini yake bana kwa pini kijipande cha kitambaa chenyewe, ukikitoa ukingoni, ili jicho lijue kilichomo bila mkono kuingia. Bitana yake, zipu yake, vifungo vyake na bobini iliyokwisha kujazwa uzi wa rangi yake viingie humo humo. Ukikata, mabaki yarudi humo humo, hadi mteja atakapoyachukua au atakaposema kwa kinywa chake kwamba amekuachia. Mifuko itundikwe kwenye fito au bomba lililofungwa ukutani, kwa kufuata tarehe ya kuchukua: wa kushoto kabisa ndio wa kesho. Mteja akipiga simu, unatazama ukutani, unajibu.

Nasikia mtu akinong'ona kwamba picha ya kitambaa kwenye simu ingetosha. Simu inaisha chaji, simu inaibwa, na simu haina mahali pa kutia zipu. Mwingine anafikiri kwamba ana chumba kimoja cha kupanga, kitanda, jiko na cherehani, na fito hiyo ataiweka wapi. Mwenye chumba kimoja ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu kwake salfeti ikimwagwa usiku inamwagikia kitandani. Ukuta juu ya kitanda hauna kazi. Uangalie tu jua la dirishani, kwa kuwa mifuko hiyo ikipigwa na jua kwa muda mrefu inakuwa mikavu na kumeguka, na vitambaa vilivyomo vinapauka kwenye mikunjo.

Nije kwenye mabaki, maana wengi wenu mmeanza kushona mifarishi na mito ya viraka, na hapo ndipo nyumba zinapojaa. Mabaki yanayohifadhiwa jinsi yalivyoanguka kutoka kwenye mkasi yanajaza chumba na hayashonwi. Kila mwisho wa wiki, yale uliyoachiwa yapige pasi, kisha uyakate kwa kipimo kimoja, nami nawashauri mraba wa inchi 5. Ukishona kwa kuacha robo inchi kila upande, mraba huo unabaki inchi 4 na nusu. Sasa chukua kitanda cha futi tano kwa sita: vipande 14 upande mfupi na 16 upande mrefu, yaani vipande 224, vinakupa inchi 63 kwa 72, na kitanda chako kimefunikwa juu. Kwa hiyo usihesabu kwamba una salfeti mbili za mabaki. Funga miraba kwa mafungu ya 20, na fungu la 12 likifikisha vipande vinne tu ujue mfarishi wako umetimia. Vipande vyembamba visivyofika inchi 5 vikate kuwa mikanda ya inchi 2 na nusu, uikunje pamoja. Kilichosalia baada ya hapo kiingie ndani ya mto kama ujazo, au kiende nje, na usinililie kwamba kilikuwa kitambaa kizuri.

Jambo dogo hapo: kitambaa cha pamba kipya kikifuliwa hunywea na huchuja rangi. Kilichofuliwa na kisichofuliwa visilale pamoja, na kwa kuwa vikikauka vinafanana, kila ulichofua kikate pembe moja kidogo. Ukiona pembe imekatwa, hakuna haja ya kujiuliza.

Sasa vumbi. Mvua zetu hapa ni za Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu, kisha unakuja upepo, na hakuna haja ya kumwelezea mtu wa Nkuhungu au Nzuguni upepo ni nini. Fungua bamba lililo chini ya sindano, karibu na meno yanayosukuma kitambaa, na utakuta tabaka la kijivu lililoshikamana, nusu manyoya ya nguo na nusu vumbi, limelowa mafuta ya cherehani. Tabaka hilo ndilo linalorukisha mishono, na wewe unalaumu uzi. Kwa hiyo cherehani ifunikwe kila jioni kwa kitambaa kizito, na vifaa vyako vikae katika vyombo vyenye vifuniko. Ndoo za rangi za lita 20 zilizosafishwa vizuri zinafaa kuliko masanduku ya dukani, kwa sababu mfuniko wake unabana, panya hatoboi kwa urahisi, na mchwa hazitaki.

Mchwa hula pamba na hula boksi, vyote kwa sababu moja, kwamba asili yake ni mmea. Boksi la vitambaa likiwekwa sakafuni limetiwa mezani mwao. Liinue juu ya matofali na uliache mbali na ukuta. Nondo wa nguo ni habari nyingine: yeye hula sufu na hariri, hana haja na kitenge chako cha pamba, na kwa hiyo naftalini mnazotia kati ya vitenge hazina kazi isipokuwa kumnukishia mteja na kuwavutisha watoto hewa mbaya usiku kucha. Ziondoeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nitakwenda haraka. Lastiki na gamu visihifadhiwe juu karibu na bati: joto linaua mpira wa lastiki, na gundi ya gamu inashikana, gamu iviringishwe, isikunjwe. Chupa ya mafuta ya cherehani isimame peke yake ndani ya kopo, chini kuliko vitambaa vyote.

Sindano siwezi kuziruka, kwa sababu mnalala na watoto chumbani. Sindano isichomekwe kwenye pazia, godoro wala kanga uliyojifunga. Sindano mpya zibaki katika pakiti yake, kwa kuwa namba iliyochongwa shinani ni ndogo mno kwa macho ya usiku: ile ya 90/14 ina unene wa milimita 0.9, ya 100/16 ina milimita 1, na ukizitoa zikachanganyika hutazitofautisha kwa kidole. Ibadilishwe baada ya saa nane hivi za kushona. Iliyokwisha kazi au iliyovunjika iingie katika kopo lenye tundu dogo kwenye mfuniko, na kopo lisifunguliwe tena. Ikivunjika katikati ya kazi, usiendelee kushona hadi vipande vyote vipatikane.

Zipu na vifungo nilikusudia kuvieleza kwa kirefu, lakini makopo ya maziwa ya unga yanajulikana na kila mtu atajigawia. Niliwaomba kila mmoja aje na salfeti yake jinsi ilivyo, bila kuipanga njiani, na naona zimejaa pale ukutani. Vijana, unganisheni meza mbili hapo katikati, tandikeni shuka, na mleteni dada aliyetoka Bahi. Tuanze na ya kwake: vya wateja tuviweke kulia, vyake kushoto, na daftari lake aje nalo.