Tumeni Mtu Asimame Barabarani

Mhadhara kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, wajumbe na viongozi wa vijiwe vya bodaboda, Dar es Salaam

Waheshimiwa wenyeviti, ndugu wajumbe, madereva wetu wa bodaboda na bajaji, wazazi na wadogo zangu. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa wote, shikamooni.

Nimeombwa niwaeleze kazi ya kwenye gari la wagonjwa: siku zetu zinakwendaje, na matukio gani hayanitoki akilini. Nitaeleza. Lakini nimekuja na ombi moja, nalo nalitanguliza ili hata atakayewahi kuondoka aondoke nalo. Mkishapiga simu kuita ambulensi, tumeni mtu asimame barabarani. Mmoja anatosha. Atoke mpaka barabara kubwa, asimame penye mwanga, atupungie mkono, kisha atangulie mbele yetu hadi mlangoni kwa mgonjwa.

Watu wengi wanadhani kinachotuchelewesha ni foleni. Foleni inatuchelewesha, ni kweli, lakini tunaifahamu. Dereva wetu anajua Ubungo inafunga saa ngapi, anajua lini aingie njia ya mwendokasi, na mvua za masika zikijaza maji Jangwani anajua azungukie wapi. Dakika zinazotuuma ni zile za mwisho, pale lami inapoishia. Unapiga simu kuuliza mko wapi, unaambiwa, "Shuka na hiyo barabara, ukifika kwa muuza chapati uliza kwa Mama Ashura, halafu kata kushoto penye mwembe." Anayekuelekeza ana mgonjwa mikononi na sauti inamtetemeka, simlaumu hata kidogo. Ndivyo sote tunavyoelekezana katika mji huu. Lakini saa nane usiku muuza chapati ameshafunga, kule uchochoroni ni giza, na mgonjwa anahangaika kutafuta pumzi nyumba tatu kutoka pale tuliposimama.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu. Wengi wetu tunaishi mahali ambapo nyumba zilitangulia, njia zikafuata zikijipenyeza katikati. Mwaka 2015 vijana wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walianza kuingia kwenye kata kama Tandale kwa mradi wa Ramani Huria. Walitembea kwa miguu wakishirikiana na wenyeji, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba. Shabaha ilikuwa mafuriko, ila mtu wa ambulensi akiiona ramani ya namna ile anashukuru, kwa sababu kichochoro kilichochorwa ni njia ya machela. Halafu mwaka 2022, kabla ya sensa, ikaja operesheni ya anwani za makazi. Ninyi wenyeviti ndio mliopita mtaa kwa mtaa, na leo tuna nguzo zenye majina ya mitaa na namba kwenye nyumba.

Sasa niwaulize: mpangaji wa chumba cha nyuma anaijua namba ya nyumba anayoishi? Ukienda ndani utakuta namba ya LUKU, ile mita ya umeme, imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, na watoto wameikariri. Basi chini yake pale pale andikeni jina la mtaa na namba ya nyumba. Usiku wa taharuki mtu haikumbuki hata namba ya simu ya mumewe, lakini ukutani ataisoma.

Siku yetu inaanza kwa kukagua gari. Mtungi wa oksijeni una kiasi gani. Mashine ya kushtua moyo ina chaji. Mashine ya kunyonya makohozi inavuta. Glavu, dripu, bandeji, kipimo cha sukari, kifurushi cha kuzalishia. Kazi hii haina sifa wala haina wa kuipigia makofi, ila mtungi mtupu ukiugundulia kwa mgonjwa umeshachelewa. Baada ya hapo ni kusubiri simu, kula chapati na maharage huku umesimama, na kuosha sakafu ya gari kwa maji ya klorini kila tunapotoka hospitali. Ilipofunguliwa idara ya tiba ya dharura Muhimbili mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake nchini, hali ya kupokelewa ilianza kubadilika, kwani unamkabidhi mgonjwa kwa daktari aliyesomea dharura hasa. Hilo nalisema kwa shukrani.

Nije kwenye matukio. Manzese, jioni, mwanaume wa makamo kaanguka uani. Tulipokaribia tulikuta kijana wa bodaboda barabarani, taa kaiwasha, na ameshawaondosha wenzake walioegesha pikipiki mdomoni mwa kichochoro. Machela yetu ina magurudumu, lakini juu ya mchanga na mifuniko ya makaro magurudumu hayana msaada. Kijana akaita wenzake wanne, wakaibeba juu juu. Ndani tukakuta watu wamegawanyika: hawa wanasema kalewa, wale wanasema kapandisha mashetani. Shati limelowa jasho, ngozi ya baridi, maneno hayaeleweki. Tukamtoboa kidole. Sukari ilikuwa 1.6, na ikiwa chini ya 4 kwa mgonjwa wa kisukari tayari ni hatari. Tukamwekea glukosi kwenye mshipa. Haukupita muda akafumbua macho, akamwangalia mkewe, akauliza kama duka limefungwa. Mgonjwa wa kisukari akianza kutokwa jasho na kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpeni sukari au soda yenye sukari. Akiwa hajitambui, msimtie kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu.

Barabara ya Kongowe, usiku, mama mjamzito ndani ya bajaji, uchungu umemzidi. Mtu alikuwa amesimama barabarani akizungusha tochi ya simu, na nyuma yake kina mama wa pale, wasiomjua hata jina, walikuwa wamevua kanga zao za mabegani wakaizungushia bajaji nzima. Ukuta wa kanga. Nilipoinama kuingia chini yake, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Alitoka bila kulia. Tukamkausha kwa kanga kavu, tukamsugua mgongo kwa nguvu, tukamsafisha mdomo, akalia. Lakini mama alikuwa anatoka damu nyingi, na hapo ndipo tunapowapoteza akina mama wetu. Sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, kukanda mfuko wa uzazi kwa mkono mpaka ukaze, dripu, na safari. Mama mmoja mtu mzima alinishikia tochi muda wote ule, mkono wake haukutikisika hata mara moja. Sikupata nafasi ya kumwambia asante, namwambia leo kupitia kwenu. Mjamzito, mzazi au kichanga akipata dharura, kumbukeni namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa akina mama na vichanga. Ni bure, na kituo kikikosa ambulensi ya karibu kinaweza kumtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa.

La tatu sitalifupisha. Kariakoo, mchana, mzee mfanyabiashara kaanguka mbele ya duka, moyo umesimama. Ubongo ukikosa damu unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, nne, tano, kwa hiyo hata gari likiwa mtaa wa pili huenda limechelewa. Pale palikuwa na kijana mchukuzi, mbeba mizigo, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza. Alipiga magoti akaanza kumkandamiza kifua. Mwenzake akakimbilia Mtaa wa Msimbazi kutusubiri, akasimamisha mikokoteni tupite. Tulipofika yule kijana alikuwa bado anakandamiza, jasho linamdondokea mzee kifuani, na watu wanampigia kelele: "Mwache, unamvunja mbavu!" Tulimpokea, tukashtua moyo, tukatoa dawa, tukaendelea. Yule mzee hakuamka.

Baadaye kijana alinifuata nyuma ya gari, mikono inamtetemeka, akaniuliza, "Dada, nimemuua?"

Nilimshika mabega nikamjibu, na nalirudia mbele yenu kwa sababu sitaki kijana mwingine wa Kariakoo alale na swali lile. Mtu ambaye moyo wake umesimama ameshakufa. Huwezi kumuua. Unachofanya ni kumpa nafasi pekee iliyobaki. Mbavu zinaweza kuvunjika, na zikivunjika zinapona. Yule kijana alifanya kila kitu sawasawa, na waliokuwa wanamzomea ndio waliokuwa wamekosea.

Kwenu madereva wa bodaboda, neno kuhusu ajali. Nyinyi mnafika kabla yetu siku zote. Najua majeruhi akilala barabarani moyo unawatuma kumnyanyua mikono na miguu kumtupia kwenye bajaji. Jizuieni kwanza. Damu ikiwa inaruka, kandamizeni jeraha kwa kitambaa, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuangalia. Shingo isikunjwe. Asipewe maji. Na suala la PF3 lisimzuie mtu kumkimbiza majeruhi hospitali: uhai unatangulia, fomu ya polisi itafuata. Aliyeungua mwageni maji ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20, dawa ya meno na mayai wekeni kando. Na mtoto akinywa mafuta ya taa msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike, maana mafuta yakipanda yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua.

Wenyeviti, kwenye kila mtaa naomba muwe na watu wawili kwa kila shina wenye namba za simu zinazopatikana usiku, ambao kazi yao ni hiyo tu: kutoka barabarani. Vijiwe vya bodaboda viko tayari, nimeshaongea na baadhi yao, wanasubiri muwaite rasmi.

Maswali nitayapokea, ila kwanza tufanye mazoezi. Sanamu ya mafunzo iko hapa mbele. Kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza uache kifua kirudi juu. Mwenyekiti aanze, wa bodaboda wamfuate, na kina mama msibaki nyuma. Karibuni.