Kuhamisha Madaftari ya Kidijitali Kutoka Mfumo Mmoja Hadi Mwingine

Mabibi na mabwana,

Ninakusudia kuzungumzia kazi ambayo wengi wetu huiahirisha mpaka tulazimike kuifanya kwa pupa: kuhamisha daftari la kidijitali, lenye maandiko ya miaka kadhaa, kutoka programu au mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine. Hoja yangu ni kwamba maneno yenyewe ndiyo sehemu iliyo rahisi zaidi kuhamisha, ilhali mambo yanayoyafanya maneno hayo kuwa daftari, yaani tarehe, mpangilio, lebo na viungo vya kutoka andiko moja hadi jingine, ndiyo yanayopotea njiani, na aghalabu hupotea bila programu kutoa onyo lolote.

Chanzo cha ugumu huu ni namna madaftari yanavyohifadhiwa. Anayetazama skrini huona daftari, sehemu na kurasa, akadhani kwamba ndani ya kompyuta vitu vimepangwa hivyohivyo. Programu ya OneNote, iliyotolewa mwaka 2003, huweka kila sehemu ya daftari katika faili yenye muundo wake wa pekee. Notes ya Apple huweka maandiko katika hifadhidata ya aina iitwayo SQLite. Programu ya Obsidian huacha kila andiko likae katika faili yake ya maandishi ya kawaida, ndani ya folda. Data ya aina moja haina budi kugeuzwa kabla ya kusomeka kwingine, na kila muundo una mambo ambayo hauna mahali pa kuyaweka.

Mfano unaofundisha zaidi ni Evernote, ambayo mwezi Desemba 2023 iliwawekea watumiaji wasiolipa kikomo cha maandiko 50 na daftari moja, jambo lililowafanya wengi wafikirie kuhama. Programu hiyo hutoa faili ya kusafirishia maandiko iitwayo ENEX, iliyojengwa kwa XML, lugha ya kupangia data, nayo kwa sehemu kubwa ni faili nzuri: hubeba kichwa cha kila andiko, tarehe lilipoanzishwa na lilipobadilishwa, lebo zake, na hata picha na viambatisho, ambavyo hugeuzwa kuwa herufi kwa mbinu ya base64 inayoongeza ukubwa wake kwa takriban theluthi moja. Lakini faili hiyo haisemi andiko lilitoka katika daftari lipi. Anayesafirisha maandiko ya madaftari yake yote kwa mkupuo mmoja atayakuta upande wa pili yakiwa rundo lisilo na migawanyo. Dawa yake ni kulisafirisha kila daftari katika faili yake na kuipa faili hiyo jina la daftari.

Viungo vya ndani ndivyo vinavyonisikitisha zaidi, kwa sababu ndani yake mna fikra za mwenye daftari: aliona uhusiano kati ya jambo hili na lile, akauandika. Kiungo cha Evernote huelekeza kwenye utambulisho wa andiko lengwa, na utambulisho huo haumo katika ENEX, kwa hiyo programu inayopokea hukuta kiungo kisichofika popote. Joplin, programu nyingine ya madaftari, hujaribu kukisia kwa kulinganisha maneno ya kiungo na vichwa vya maandiko, na mbinu hiyo hufaa pale tu ambapo vichwa havijirudii. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kazi ya kwanza ifanyike katika programu ya zamani, kabla ya kusafirisha chochote: kuvitafuta vichwa kama "Kikao" au "Mawazo" vinavyojirudia, na kukipa kila kimoja jina lake. Maandishi yaliyofungwa kwa nenosiri nayo yafunguliwe mapema, kwa kuwa husafirishwa yakiwa bado yamefungwa.

Mfumo endeshi nao una masharti yake. Windows haikubali jina la faili lenye nukta pacha wala alama ya kuuliza, kwa hiyo andiko liitwalo "Mkutano: nani alihudhuria?" litabadilishwa jina au litaachwa nyuma. Linux huhesabu "Bajeti" na "bajeti" kuwa faili mbili, ilhali Windows, kwa kawaida yake, huziona kuwa moja, na moja yaweza kufutwa na nyingine. Sisi tuandikao Kiswahili tuiangalie pia ritifaa. Ritifaa iliyonyooka huchukua baiti 1 katika UTF-8, usimbaji (yaani njia ya kugeuza herufi kuwa namba) unaotumika sana siku hizi, na ile iliyopinda huchukua baiti 3. Programu ikizisoma baiti hizo kwa usimbaji wa zamani wa Windows, "ng’ombe" hugeuka "ngâ€™ombe", na anayetafuta neno hilo hatalipata tena.

Tarehe zinahitaji neno moja tu: andiko linapogeuzwa kuwa faili, tarehe ya faili yaweza kuwa siku ya kuhama, hivyo tarehe halisi iandikwe ndani ya faili yenyewe. Kuhusu PDF, ninaiona kuwa nakala ya kusomea, isitegemewe kuwa njia ya kuhamia.

Sheria imesaidia kiasi. Kifungu cha 20 cha kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, kinampa mtu haki ya kupokea data zake katika muundo uliopangika, unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Hata hivyo, haki ya kupokea faili haiilazimishi programu nyingine kuielewa faili hiyo.

Baada ya kuhamisha, idadi ya maandiko ilinganishwe pande zote mbili, kisha yafunguliwe kwa macho yale magumu: lenye jedwali, lenye sauti, lenye mwandiko wa mkono, lenye viungo vingi. Ukaguzi wa maandiko mepesi hautuambii lolote. Daftari la zamani lisiandikwe tena tangu siku hiyo, kwa sababu anayeandika pande mbili atakuwa na madaftari mawili yanayopingana. Na faili ya kusafirishia ihifadhiwe kama ilivyotoka, bila kuguswa, hata baada ya akaunti kufungwa. Programu zinazoingiza data huendelea kuboreshwa, na jedwali lililovurugika katika uhamisho wa leo linaweza kusomwa sawasawa na toleo lijalo, iwapo faili ya awali bado ipo.