Kikasha Kilichopangwa Upya: Mazungumzo kuhusu Plume na Rust

SALMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo mimi na mwenzangu Juma tunaifungua Plume, programu ya blogu za shirikisho iliyoanza kuandikwa kwa lugha ya Rust mwaka 2018. Ni mwaka uleule ambao W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi ActivityPub, itifaki ambayo seva za namna hii huzungumza kwayo, tarehe 23 Januari. Kaka Juma, blogu ya kawaida tunaifahamu sote. Hii ya shirikisho inaongeza nini?

JUMA: Ahsante, dada Salma. Inaongeza ujirani. Mwandishi aliye kwenye seva moja anaweza kufuatwa na msomaji aliye kwenye seva nyingine kabisa, hata inayoendesha Mastodon, mtandao wa kijamii wa shirikisho, na makala ikichapishwa, seva ya mwandishi huipeleka kwa kila seva yenye wafuasi wake. Kila mhusika, yaani kila anayeweza kutuma na kupokea, ana kikasha cha kupokelea ujumbe, na ujumbe wenyewe ni JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi yenye mpangilio, inayofika ikiwa na saini ya kidijitali. Katika Plume hata blogu ni mhusika, kwa hiyo makala moja hutajwa kuwa ya wawili: mwandishi na blogu yake.

SALMA: Na je, programu nyingine hulielewa hilo la wawili?

JUMA: Si zote. Kiwango cha ActivityPub kinaruhusu sehemu inayomtaja mwenye makala iwe anwani moja, orodha ya anwani, au maelezo kamili ya mhusika yaliyopachikwa papo hapo. Aliyeandika programu yake akidhani kwamba mwenye makala ni mmoja daima, atajikwaa siku ya kwanza atakapopokea makala kutoka Plume, na wala hatakuwa na haki ya kulalamika.

SALMA: Tuje kwenye kikasha, maana ndicho kilichotufanya tuchague mada hii.

JUMA: Mwanzoni, ujumbe ulipoingia, msimbo ulisoma neno la aina yake, yaani kufuata, kupenda, kuunda, kufuta au kutengua, kisha ukalipitisha kwenye mgawanyiko mmoja mrefu wa masharti. Kutengua kulikuwa na mgawanyiko wake ndani ya ule mwingine, kwa kuwa ni lazima kwanza ujue kinachotenguliwa ni nini. Msimbo wa namna hiyo hufanya kazi, lakini kila ukiongeza tendo jipya unagusa mahali palepale ambapo matendo mengine yote yanapita. Mwaka 2019 sehemu hiyo ilipangwa upya. Badala ya masharti, kila mkutano wa mambo matatu, yaani mtendaji, tendo na kinachotendewa, uliandikwa kama utekelezaji wa treiti moja, yaani mkataba wa Rust unaosema aina ya data lazima iweze kufanya nini. Mtumiaji kumfuata mtumiaji ni utekelezaji mmoja; mtumiaji kuipenda makala ni mwingine. Kikasha kikabaki na orodha fupi ya mikutano inayokubaliwa, na ujumbe huijaribu mmoja baada ya mwingine hadi upatikane unaolingana nao.

SALMA: Kwa mtu anayetoka kwenye lugha zisizokagua aina za data mapema, faida iko wapi? Orodha ni orodha tu.

JUMA: Faida ni kwamba ukiorodhesha mkutano ambao hujauandikia utekelezaji, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, inakataa. Huwezi kuahidi kupokea kitu usichojua kukishughulikia. Na unapobadilisha umbo la treiti yenyewe, kompaila inakutajia kila faili linalopaswa kufuata. Unakaa jioni nzima ukipunguza makosa kutoka mia hadi sifuri. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna kona inayosahaulika.

SALMA: Hapo nitakupinga kidogo. Kompaila inaijua nyumba yako, haimjui mgeni.

JUMA: Kweli kabisa, na hapa ndipo wengi huidai Rust kisichokuwa chake. Mtu akibisha hodi ukauliza ni nani, akajibu "ni mimi", hujajua lolote. JSON inaweza kuwa na umbo sahihi kabisa, ikageuzwa kuwa aina ya Rust bila kosa, na bado anayedai kuifuta makala asiwe mwenye makala. Kwa hiyo lazima saini ihakikiwe kwa ufunguo wa mhusika aliyetajwa, muhtasari wa kihisabati wa mwili wa ujumbe ulinganishwe na uliotumwa, na kitu usichokifahamu ukakichukue mwenyewe kwenye anwani yake ya asili badala ya kuiamini nakala uliyoletewa.

SALMA: Violezo vya kurasa navyo vilibadilishwa, sivyo?

JUMA: Naam, vilihama kutoka Tera kwenda Ructe, ambazo zote mbili ni zana za Rust za kutengenezea kurasa kwa violezo. Tera husoma violezo programu ikiwa inaendeshwa, hivyo jina lililokosewa huonekana ukurasa unapofunguliwa. Ructe huvigeuza kuwa vitendaji vya Rust, na kosa hukamatwa kabla ya kujenga kukamilika. Gharama yake ni muda wa kujenga, ambao kwa Rust tayari si mfupi.

SALMA: Na hifadhidata mbili?

JUMA: Plume hujengwa kwa PostgreSQL au kwa SQLite, kwa kuwasha kipengele kimoja kati ya viwili. Tatizo ni kwamba Cargo, zana ya kujengea programu za Rust, hujumlisha vipengele, haichagui kati yake. Vyote viwili vikiwaka pamoja, msimbo haujengeki. Hatua za kubadilisha majedwali nazo huandikwa mara mbili. Binafsi ningechagua moja na kuishi nayo.

SALMA: Ungekabidhiwa msimbo huu leo, ungeanzia wapi? Wengi wangekimbilia async, yaani msimbo unaoacha kazi nyingine ziendelee wakati mmoja unasubiri.

JUMA: Rocket 0.4, mfumo wa kuundia programu za wavuti ambao Plume imejengwa juu yake, haina async, na inahitaji kompaila ya majaribio; toleo la 0.5 la mwaka 2023 ndilo lililoondoa sharti hilo. Lakini kuhama kunagusa karibu kila kitendaji, kwa kuwa kitendaji kikishakuwa cha async, wanaokiita nao hulazimika kufuata. Nisingeanzia huko. Ningeanzia kwenye utumaji, ambao hupewa kundi la nyuzi, yaani njia za kazi zinazoendeshwa sambamba, zilizo ndani ya kumbukumbu. Seva ikizimwa katikati, ujumbe uliokuwa ukisubiri zamu hupotea, na seva ya upande wa pili haijui kwamba kulikuwa na kitu cha kungojea.

SALMA: Kwa hiyo foleni iandikwe kwenye hifadhidata.

JUMA: Iandikwe pamoja na makala yenyewe, katika muamala uleule mmoja, ili vyote vihifadhiwe au visihifadhiwe kabisa, kisha kila anwani ifutwe kwenye foleni baada tu ya seva yake kujibu kwamba imepokea.