Ukumbi wa Mtaa wa St. Peter na Ujira wa Wazee

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Sisi tuliolelewa na dansi, tukisikia neno jazz, hukumbuka kwanza Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz, bendi zilizolichukua jina hilo kutoka ng'ambo kisha zikalijaza magitaa na rumba. Leo nawaomba tulifuate jina hilo hadi lilikotoka, New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, kwenye nyumba namba 726 ya mtaa wa St. Peter, ambako tangu mwaka 1961 jazz ya kale imekuwa ikipigwa katika ukumbi uitwao Preservation Hall, yaani Ukumbi wa Hifadhi. Jina hilo, kwa maoni yangu, linapotosha kidogo, kwa kuwa kilichouweka hai muziki ule ni ajira: wazee walipewa mahali pa kufanyia kazi na malipo ya usiku.

Kufikia miaka ya 1950, vijana wa mji ule walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye midundo mipya, na wapigaji walioanza na jazz tangu ujana wao walibaki bila kumbi. George Lewis, bingwa wa klarineti aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa amewahi kuishi kwa ukuli wa bandarini. Muuza picha mmoja, Larry Borenstein, ambaye duka lilimfunga jioni asiweze kwenda kusikiliza muziki, akaona heri awaalike wapigaji wafanye mazoezi humo humo dukani. Mwaka 1961 maharusi wawili kutoka Pennsylvania, Allan na Sandra Jaffe, wakapita katika mji huo, wakanogewa, na hatimaye wakakabidhiwa uendeshaji wa ukumbi. Allan alikuwa mpuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Sandra alisimama langoni kupokea pesa. Tusisahau kwamba wakati huo sheria za Louisiana zilikataza weusi na weupe kuchanganyika katika burudani, na bado ukumbi huo uliwapokea wote.

Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zake zimebabuka, na katika miaka yake mingi hakikuuza kinywaji wala kutumia kipaza sauti. Wasikilizaji wachache hupata mabenchi, wengine hukalia mito sakafuni karibu kabisa na miguu ya wapigaji, na waliochelewa husimama nyuma. Mtu angeuita huo ufukara, lakini sikilizeni jinsi muziki wenyewe unavyofanya kazi. Tarumbeta hushika wimbo, klarineti husuka vipambo juu yake, tromboni huburuta sauti chini, na wote watatu hubuni kwa wakati mmoja huku banjo, besi na ngoma zikishika mapigo. Palipo na vipaza sauti, fundi mitambo ndiye anayeamua nani asikike. Pasipo navyo, mpiga ngoma asiyeisikia klarineti anajua mara moja kwamba amezidisha, naye hupunguza. Adabu hiyo kijana haipati kwenye santuri. Huipata kwa kuketi ubavuni mwa mzee na kutazamwa kwa jicho kali.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Sweet Emma Barrett, bibi mpiga piano aliyevaa kofia nyekundu na njuga miguuni, hata mguu wake ukawa ala ya pili. Mwaka 1967 kiharusi kilimpooza mkono wa kushoto. Akarudi kwenye piano na mkono wa kulia peke yake, akaendelea kupiga, naye alifariki mwaka 1983. Sijui ukumbi gani wa kibiashara ungemrudisha jukwaani.

Kulikuwa pia ukutani na ubao wa bei za kuomba wimbo. Kwetu mtu humtunza mwimbaji kwa kadiri alivyoguswa. Pale mtu alilipa kwa kadiri wapigaji walivyouchoka wimbo anaoutaka. Wimbo wa kale ulikuwa wa bei nafuu, mwingine ulipanda bei, na "When the Saints Go Marching In", ambao kila mtalii huutaka, ulikuwa ghali kuliko zote.

Tangu mwaka 1963 bendi ya ukumbi ilianza kusafiri, na kwa miaka mingi uso wake ulikuwa ndugu wawili, Willie Humphrey wa klarineti na Percy Humphrey wa tarumbeta, waliofariki mwaka 1994 na 1995 wakiwa wazee sana. Wapo wasemao kwamba ukumbi umegeuka makumbusho ya watalii, na lawama hiyo haikosi ukweli. Hata hivyo Ben Jaffe, mwana wa Allan na mpiga besi na tuba, aliyeshika uongozi baada ya baba yake kufariki mwaka 1987, ameisukuma bendi mbele: mwaka 2013 ilitoa albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya tupu. Wahafidhina walikunja uso. Mimi nadhani bendi isiyotunga haina cha kumrithisha mpigaji kijana ila kuiga.

Kimbunga Katrina kilipopiga mwezi Agosti 2005, nyumba ile ilisalimika, maana mtaa wake umeinuka. Waliopoteza makazi ni wanamuziki, na wengi walitawanyika katika majimbo mengine. Humo ukumbini ndimo ulimoanzishwa mfuko wa kuwasaidia, uliowatafuta mmoja mmoja, ukawalipia kodi ya nyumba na kuwapatia ala nyingine badala ya zile zilizoharibiwa na maji.